Vyungu vya Fumba

Dada zangu, nimerudi Fumba, kusini mwa Unguja, alikozaliwa Siti binti Saad mwaka 1880. Mara ya kwanza nilikuja na watalii wenzangu, nikashika habari za santuri tu: kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo. Safari hii nikawaza vyungu.

Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akavibeba vyungu kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba, akawa Siti, yaani bibi wa heshima.

Mimi natoka Ikolo, Kyela. Kwetu akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu Ikombe, wakavivusha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema. Nimenunua kwao tangu utoto, nikivutana nao bei (biashara ni biashara), wala sijamuuliza hata mmoja jina lake.

Nikamuuliza kiongozi wetu: mama yake Siti aliitwa nani? Akatabasamu, akatuita garini.