Rilei na Telegramu Isiyofika Liuli

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Umeme mdogo ukipita katika koili iliyozungushwa kwenye chuma, chuma hugeuka sumaku na kuvuta kijibamba, nacho hufunga njia ya umeme mwingine wenye nguvu zaidi. Joseph Henry wa Marekani aliionyesha kanuni hiyo mwaka 1835, lakini telegrafu ndiyo iliyoieneza. Katika waya mrefu umeme hudhoofika njiani; rilei ya kituoni hupokea ishara dhaifu, na betri ya kituo huisukuma mbele ikiwa na nguvu mpya.

Ziwa Nyasa lilionja uzito wa waya huo. Kampuni ya telegrafu ya Cecil Rhodes ilifika Blantyre mwaka 1895, kisha waya ukapandishwa upande wa magharibi wa ziwa hadi Karonga. Ng'ambo ya ziwa ni ufuo ambao leo ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Hapo, Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo vita vilipozuka mwaka 1914. Waingereza walipata habari kwa telegramu; Liuli haikupata. Tarehe 13 Agosti meli yao Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilifika na kufyatua mzinga. Kapteni Berndt, rafiki wa Rhoades, alipanda mashua kwenda kumfokea, asijue kwamba nchi zao zinapigana, akakamatwa. Hata afisa wa Kijerumani wa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, aliwaandikia Waingereza wa Karonga kuuliza kama kuna vita. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli wakailipua meli hiyo ya Kijerumani.

Rilei ya leo ni ileile. Anayeiamuru ndiye aliyebadilika. Bodi za Arduino, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ziliiweka maikrokontrola mikononi mwa mafundi wa kawaida. Kwenye bodi hiyo swichi kadhaa za kutoa amri huweza kutumia waya mmoja, kila moja ikiwa na resista yake inayokwenda ardhi. Waya huo ukiunganishwa na volti 5 kupitia resista ya kiloomu 10, swichi yenye kiloomu 10 hutoa volti 2.5, nayo bodi husoma takriban 512 kati ya 0 na 1023. Yenye kiloomu 3.3 husomeka karibu 254. Programu hupewa kiwango cha chini na cha juu, si namba moja, kwa kuwa usomaji huyumba; ikishatambua swichi, huiamuru rilei.

Lakini koili ya rilei ndogo ya volti 5 hula takriban miliampia 70, ilhali pini ya bodi haipaswi kuzidi 40. Kwa hiyo transista hukaa katikati. Daiodi nayo hufungwa sambamba na koili, kwa maana umeme ukikatika ghafla koili hutoa volti kubwa inayoua transista. Fundi wa Mbinga au Mbamba Bay anayeunganisha pampu ya maji kwa njia hii asiiache daiodi hiyo.