Hema la Msafiri na Mlango wa Mpaka

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aujuaye uzito wake ni yule aliyejitwika. Wengine wote huuona mwepesi. Lakini katika historia ya safari yuko mtu mmoja ambaye hakuudharau mzigo wa mwenziwe hata siku moja, naye ni mlinzi wa njia. Kwake yeye kila furushi lilikuwa fumbo. Hema, sufuria, blanketi na unga wa siku kumi ni uhai wa msafiri akiwa porini. Lakini vitu hivyo hivyo vikifika sokoni ni bidhaa. Havina alama usoni ya kuonyesha kama vitatumiwa au vitauzwa. Kwa hiyo, tangu zama za misafara ya miguu hata zama za motokaa, mlinzi amesumbuliwa na swali moja: je, kitu hiki kitaondoka pamoja na mwenyewe, au kitabaki? Historia ya kuvusha zana za kambi mipakani ni historia ya majibu yaliyotolewa kwa swali hilo.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kavu iliyo katikati ya njia. Mpagazi alichukua kiasi cha frasila 2, yaani ratili 70 hivi. Mahema na vyungu vilikuwamo, lakini sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa nguo za merekani na kaniki, shanga, na nyaya za madini. Wageni wa Ulaya waliopita huko, kama Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, walivihesabu vitu hivyo kuwa ndiyo fedha yao ya njiani, nao walilalamika sana kwa sababu ya hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Mtemi naye hakukosa hoja. Msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa na wenyeji, na katika nchi ya ukame kisima si kitu kidogo. Tena doti ya merekani ilikuwa na kazi nyingi: ilivaliwa, ilitandikwa, ilinunua mtama, na mtu akifa njiani ilikuwa sanda yake. Nani angeweza kuipekua akasema kwa hakika kwamba hii ni ya matumizi na hii ni ya biashara? Mtemi hakujisumbua na jambo hilo. Aliupima msafara kwa ukubwa na utajiri wake, akataja kiasi, na mashauri yakaanza, ambayo pengine yalichukua siku kadhaa. Hongo haikuwa ushuru wa bidhaa. Ilikuwa malipo ya kupita na ya kunywa.

Mambo yaligeuka mataifa ya Ulaya yalipochora mipaka. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari utokao mlango wa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, uende hata pwani ya mashariki ya ziwa Victoria. Na mapatano ya mwaka 1890 yakauendeleza kuvuka ziwa. Mstari huo haukuuliza ni nani aliyechimba kisima. Uliwapitia Wamasai katikati, watu ambao kambi yao huhama kwa kufuata mvua na malisho, na ukawaweka wengine huku na wengine kule. Tangu hapo mlinzi wa njia hakuwa mwenye maji bali mwenye daftari. Naye mwenye daftari, tofauti na mtemi, alipaswa kutofautisha: kilichokuja kuuzwa kilipe ushuru, kilichokuja kutumiwa tu, kipite.

Kupambanua huko kulikuwa kugumu zaidi motokaa ilipoingia barabarani. Gari lilikuwa mali ya thamani kubwa, na kila mpaka uliweza kulidai ushuru kamili kana kwamba limekuja kuuzwa. Ufumbuzi ulipatikana Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa njia ya vyama vya wenye magari. Chama kilimpa mwanachama wake kitabu cha dhamana. Afisa wa forodha alikipiga mhuri gari lilipoingia, na mwenziwe alikipiga mhuri lilipotoka. Mhuri wa pili ukikosekana, forodha ilidai ushuru wake kwa chama, na chama kikamgeukia mwanachama. Hivyo ahadi ya msafiri ilipata mdhamini, na neno lake likawa na bei.

Si kila safari ya zama hizo iliyohangaishwa na forodha. Meja Court Treatt na mkewe Stella, pamoja na wenzao, waliondoka Cape Town mwezi Septemba 1924 kwa magari 2 ya Crossley, wakafika Cairo mwezi Januari 1926. Walilala mahemani na kuvuta magari kwa kamba katika mito na matope kwa muda wa miezi 16. Lakini nchi nyingi walizopita zilikuwa chini ya bendera moja, ya Uingereza. Yamkini hawakuwa na mpaka mgumu kuliko mvua. Urahisi huo wa kupita na hema bila maswali ulitokana na dola. Haukuwa haki ya kila msafiri.

Jaribio la kuufanya urahisi huo uwe sheria ya watu wote lilifanywa New York tarehe 4 Juni 1954, ulipotiwa sahihi mkataba wa kurahisisha forodha kwa ajili ya utalii. Mkataba huo, ulioanza kutumika mwaka 1957, ulieleza mtalii ni nani kwa maneno mapana ya kupendeza. Ni mtu yeyote, bila kubaguliwa kwa rangi, jinsia, lugha wala dini, anayeingia nchi isiyo makazi yake na kukaa si chini ya saa 24 wala si zaidi ya miezi 6, kwa matembezi, michezo, matibabu, mambo ya jamaa, masomo, hija au shughuli za kazi. Kisha ukataja vitu awezavyo kuingia navyo bila ushuru, kwa sharti kwamba ni vya matumizi yake mwenyewe, kwamba hapana sababu ya kumshuku, na kwamba ataondoka navyo. Humo hema limetajwa kwa jina, pamoja na zana nyingine za kambi. Vimetajwa pia kamera 1, darubini 1, gramafoni 1 na sahani 10 za santuri, mashine 1 ya kupiga chapa, gari 1 la kusukumia mtoto, baiskeli 1, mtumbwi usiofika urefu wa meta 5.5, raketi 2 za tenisi, na bunduki 1 ya kuwindia na risasi 50.

Asomaye orodha hiyo humwona mtu. Anayo mashine ya chapa, anacheza tenisi, anasikiliza santuri jioni mbele ya hema lake. Maelezo ya mkataba yalimkaribisha kila binadamu, lakini orodha yake ilimjua mmoja tu. Mfugaji afuataye malisho naye hulala porini, naye hurudi kwao mvua zikirejea. Lakini zana zake za kambi ni ngozi, vibuyu na ng'ombe, na ng'ombe hawamo katika orodha. Mama avukaye na mkeka, sufuria na debe la unga kwenda kuuguza jamaa yake ni mtalii kwa maneno ya mkataba, maana matibabu na mambo ya jamaa yametajwa. Hata hivyo mbele ya kizuizi huweza kudhaniwa mchuuzi, kwa kuwa mzigo wake unafanana na bidhaa za soko la jirani. Sheria ilitofautisha matumizi na biashara. Macho ya mlinzi yalitofautisha pia hali na mavazi.

Katika Afrika ya Mashariki swali hilo liliwahi kupunguzwa ukali, kisha likarudi kwa kishindo. Nchi ijulikanayo leo kwa jina la Kenya iliunganisha forodha na Uganda mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Jumuiya ya mwaka 1967 ilirithi mashirika ya pamoja yaliyokuwapo. Lakini mwezi Februari 1977, katika mwaka uleule Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya kuchukulia watalii yaliyotoka Kenya yalizuiliwa, na wageni waliokwenda kutazama wanyama wakajikuta wamekwama katika ugomvi usiowahusu. Hapo ilidhihirika kwamba dhamana na mihuri haviwi na nguvu ila pale serikali zinapoaminiana. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Hata hivyo, njia ya watalii baina ya Serengeti na Masai Mara haikurudishwa. Nyumbu huvuka huko kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Mwenye hema hana budi kuzunguka hata Sirari na Isebania, au hata Namanga.

Jumuiya mpya ilianzishwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na umoja wake wa forodha ukaanza mwaka 2005. Kwa wafanyabiashara wadogo umewekwa utaratibu mwepesi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na Namanga maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, katika kituo kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Duniani nako orodha ya 1954 imepata mrithi: mkataba uliofanywa Istanbul mwaka 1990 hauhesabu sahani za santuri, bali huruhusu chochote ambacho msafiri huweza kukihitaji kwa kadiri ya safari yake. Maneno hayo, yakisomwa kwa haki, yanamtosha na mwenye mkeka.

Wakati huohuo mlinzi wa njia amepata sababu mpya ya kupekua. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Kifuko ambacho mpiga kambi alifungia mkate au viatu vyenye matope hukabidhiwa mpakani. Tanzania ilivisamehe vifuko vya kufungia sabuni na dawa za meno, kwa sharti kwamba mgeni aondoke navyo asivitupe nchini. Sharti hilo si geni. Ndilo la New York, ila hofu imebadilika. Zamani kilichoogopwa ni kitu kubaki kwa kuuzwa. Sasa huogopwa kubaki kwa kutupwa.

Hivyo safari yote hurudi kwenye kisima cha Ugogo. Mtemi alijua kwamba apitaye huacha kitu na huondoa kitu, hata asipouza wala kununua. Akatoza kwa sababu hiyo. Wenye mikataba waliiondoa hongo, wakaweka ahadi mahali pake. Wema wa badiliko hilo ni mkubwa, kwa kuwa mtu huaminiwa kabla ya kutozwa. Lakini ahadi ina pande mbili. Msafiri ameahidi kuondoka na hema lake na taka zake. Mwenyeji naye ameahidi kumpokea kila msafiri kwa kipimo kimoja, awe amejitwika turubai au ngozi ya ng'ombe. Upande wa kwanza una mihuri ya kuushuhudia. Upande wa pili bado hauna mhuri ila uadilifu wa mtu asimamaye mlangoni.