Reli, Nauli na Mkulima wa Miteja: Funzo la Historia

Utangulizi

Katika darasa moja la elimu ya siasa tuliloliendesha Miteja, wilayani Kilwa, tulikuwa tukieleza mipango ya usafiri ya jiji la Dar es Salaam. Tukafika kwenye mjadala unaorudi mara kwa mara mjini: je, treni ya abiria ifikishwe kwenye uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na nauli yake iwe kiasi gani? Mzee mmoja, mkulima wa ufuta, akanyoosha mkono. Alisema: "Ndugu walimu, mimi nikisafiri napanda basi hapa barabarani, nashukia Mbagala. Ndege siipandi, na hiyo treni siijui. Lakini nikinunua sukari nalipa kodi. Sasa nauli ya huyo anayekwenda kwenye ndege analipa yeye au nalipa mimi?"

Hatuna budi kukiri kwamba siku ile hatukumjibu. Tulimwambia kuwa maendeleo ya jiji ni maendeleo ya taifa, naye kwa adabu akaketi. Tulipotoka tulitambua kwamba mzee aliuliza swali la hesabu, nasi tukampa kaulimbiu. Makala hii ni jaribio la kujisahihisha. Ili kumjibu inatupasa kwanza tuitazame historia, kwa sababu swali la reli si geni hata kidogo katika pwani ya Kilwa. Lina zaidi ya miaka 100.

1. Reli iliyoahidiwa Kilwa

Kabla ya reli yoyote katika nchi yetu, Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa njia ya misafara kuelekea Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu na watumwa walishuka kwa njia hiyo. Nguo na bunduki zikapanda. Gharama ya usafiri ililipwa kwa mabega na uhai wa mpagazi. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli ya kwanza ya Kusini, na aliyeilipa si aliyefaidi.

Wajerumani walipokwisha kuitwaa nchi walianza reli mahali palipokuwa na masilahi ya mabepari wao. Reli ya Tanga ilianza mwaka 1893, ikapanda taratibu kuelekea mashamba ya walowezi, mpaka ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na Kusini? Mwaka 1904 kamati ya uchumi wa makoloni kutoka Ujerumani ilimtuma mtaalamu wake, Paul Fuchs, kuchunguza kama ingefaa kujenga reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1905. Ilihesabu pamba, mpira na mazao mengine ambayo yangeweza kubebwa.

Mwaka huo huo wa 1905, mwishoni mwa Julai, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wapiganaji walishuka kutoka vilimani hadi Samanga, pwani, si mbali na Miteja ya leo. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa huko Mohoro. Tazama jinsi mambo haya mawili yanavyosimama pamoja. Mtaalamu anahesabu shehena ya pamba. Mkulima anaing'oa pamba hiyo hiyo. Katika hesabu za mkoloni mkulima alikuwa mzigo wa kubebwa, yaani idadi ya tani. Hakuwa abiria, wala hakuulizwa.

Wakoloni walijibu kwa bunduki na kwa kuchoma vyakula. Makadirio ya waliokufa kwa vita na njaa yanaanzia watu 75,000 na kufikia 300,000. Sehemu kubwa za nchi ya ndani zikabaki bila watu, pori likarudi. Reli ya Kilwa haikujengwa, na sababu yake kwa bepari ilikuwa nyepesi: mahali alipokwisha kuwaua wazalishaji hapakuwa tena na mzigo wa kubeba.

2. Reli ya karanga

Mara ya pili Kusini kupata ahadi ya reli ilikuwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilihitaji mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta, bila kumshirikisha mkulima aliyeijua ardhi na mvua zake. Safari hii reli ilijengwa kweli. Kufikia mwisho wa mwaka 1949 njia ilikuwa imetoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, hadi Nachingwea. Bandari mpya ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, nayo ikaunganishwa na njia hiyo.

Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Serikali ya Uingereza iliuacha mwaka 1951, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli ikabaki ikisubiri karanga ambazo hazikuwapo. Mwaka 1962 ikafungwa, na baadaye vyuma vikang'olewa. Kilwa haikuguswa hata na reli hiyo.

Funzo lake ni zito. Reli iliyojengwa kwa ajili ya zao moja la mnunuzi mmoja hufa zao hilo linapokufa. Reli hudumu pale tu inapotumikia maisha ya watu walio kandokando yake: mgonjwa, mwanafunzi, mwenye gunia lake la muhogo, fundi anayekwenda kazini. Nayo nauli ndiyo huamua kama hao wataingia ndani au watabaki wakiitazama ikipita.

3. Nauli ni nini?

Watu wengi hudhani nauli ni bei tu, kama bei ya chumvi. La hasha. Katika treni za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni kulikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Hapakuhitajika mlinzi wa kumzuia Mwafrika asiingie daraja la kwanza. Ilitosha kumwonyesha bei. Nauli ni uamuzi wa kisiasa uliochapishwa kwenye kipande kidogo cha karatasi. Huonyesha nani amekusudiwa kusafiri, na nani ataufidia mfuko pale mapato yasipotosha.

Uhuru ulitupa nafasi ya kuuliza swali hilo upya. Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, baada ya nchi za Magharibi kusema kwamba haitalipa. Wao walihesabu faida ya fedha. Tanzania na Zambia zilihesabu gharama ya kuendelea kupitisha shaba katika nchi zilizotawaliwa na makaburu na walowezi. Kila upande ulikuwa na hesabu yake. Kilichotofautiana ni nani aliyehesabiwa.

Hata hivyo, tusijidanganye. Katika mabasi ya mjini sisi wenyewe tulifanya kosa, nasi walimu wa siasa tulilifundisha kosa hilo kama itikadi. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Tulifundisha kwamba nauli ya chini ndiyo ujamaa. Hatukufundisha nani atanunua vipuri. Nauli ilishikiliwa chini, ruzuku haikutosha, fedha za kigeni zikaadimika, mabasi yakalala gereji. Mfanyakazi wa Ukonga alikuwa na nauli nafuu ya basi lisilokuja. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kuingiza magari yao, na nauli ya shilingi tano, yaani "dala", ikayapa jina la daladala. Nauli nafuu isiyo na chanzo cha kuifidia humtupa mnyonge mikononi mwa yule yule tuliyetaka kumkinga naye.

4. Mjadala wa uwanja wa ndege

Sasa turudi kwenye mjadala wenyewe. Hali halisi ni hii. Stesheni kuu ya TAZARA iko kando ya Barabara ya Nyerere, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Reli ya Kati nayo hupita jirani na uwanja huo ikielekea Pugu. Treni za abiria za mjini zilianza Oktoba 2012 kwa kutumia njia hizo za zamani, na mwaka 2016 zikaongezwa za Pugu. Jengo la tatu la abiria uwanjani lilifunguliwa mwaka 2019. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 katika njia ya Kimara, kwa nauli ya shilingi 650 katika njia kuu, na awamu ya tatu ya mradi huo ikapangiwa Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, mbele ya uwanja. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro, kwa nauli ya shilingi 13,000.

Vyuma, basi, viko jirani. Kinachobishaniwa ni njia fupi ya kuviunganisha na uwanja, na nani alipe. Misimamo ni mitatu.

Wa kwanza husema: ijengwe treni ya haraka isiyosimama njiani, na nauli iwe kubwa, kwa maana anayeruka kwa ndege anazo. Wa pili husema: nauli iwe ya chini kwa wote. Wa tatu husema: isijengwe kabisa maadamu wakulima hawana hata barabara ya uhakika.

Tupime kwa mifano ya wenzetu. Mjini London, treni ya chini ya ardhi ilifika uwanja wa Heathrow mwaka 1977, ikisimama katika vituo vingi kwa nauli ya kawaida. Mwaka 1998 ikaletwa treni nyingine ya haraka, ya nauli kubwa. Tangu hapo uwanja mmoja ukawa na treni ya mwenye haraka na fedha, na treni ya mfagizi. Afrika Kusini, Gautrain ilifungua njia ya Sandton hadi uwanja wa O.R. Tambo mwezi Juni 2010 kwa nauli ya randi 100. Lakini anayeshuka Rhodesfield, kituo kimoja tu kabla ya uwanja, hulipa nauli ya chini sana kuliko hiyo. Mjini Nairobi, stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, lakini treni haiingii uwanjani. Abiria hana budi kutafuta gari lingine.

Msimamo wa kwanza unasahau kwamba uwanja wa ndege si mahali pa abiria wa ndege peke yao. Ni mahali pa kazi. Wapo wapakiaji mizigo, walinzi, wapishi, wafagizi, madereva na makarani, na wengi wao huishi Vingunguti, Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto. Abiria wa ndege huenda pale mara chache. Mfanyakazi huenda kila siku, na pengine usiku. Treni inayowapita vituoni bila kusimama ni daraja la kwanza la mkoloni lililopakwa rangi mpya. Msimamo wa pili unarudia kosa la UDA. Msimamo wa tatu una uchungu wa haki, lakini kumnyima mfanyakazi wa Kipawa treni hakumletei mkulima wa Miteja barabara.

Msimamo wetu ni huu. Njia iwe moja, na treni isimame vituo vyote. Nauli ya msingi iwe sawa na ya safari nyingine za umbali huo huo. Anayeshukia uwanjani kwa safari ya ndege aongeze malipo maalumu. Mfanyakazi mwenye kitambulisho asiongezewe. Na fedha ya ruzuku, kama ipo, itajwe hadharani kwa tarakimu, si kwa maneno.

5. Jibu kwa mzee

Sasa tumjibu mzee. Ndiyo, mzee, kila mahali nauli isipotosheleza gharama, na wewe unalipa. Unalipa kwenye sukari, kwenye sabuni, kwenye mafuta ya taa. Umekwisha kulipa kwa njia nyingine pia: gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yako, imepita Somanga kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, ikazalisha umeme wa jiji. Bomba lilipata njia, reli haikupata. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake mlivushwa kwa kivuko. Kisha Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi hapa Kilwa, na Kusini yote ikajifunza maana ya kuwa na njia moja tu.

Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza, na ya kudai mambo mawili. Kwanza, uonyeshwe ni kiasi gani cha kodi yako kimeingia katika nauli ya mjini. Pili, kiasi kama hicho kionekane pia katika madaraja ya Somanga na Mikereng'ende, na katika mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambao umekaa kwenye makaratasi kwa miaka mingi. Na reli hiyo ikija kujengwa, isiwe tena ya karanga. Isiwe ya makaa ya mawe na chuma peke yake, mabehewa ya mzigo yakipita mbele ya watu walioketi kandokando na vikapu vyao.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake jina la Kupanga ni Kuchagua. Kuchagua hakuna uovu wowote. Uovu ni kuchagua kwa siri, kisha kumwambia aliyeachwa kwamba ameendelea.

Kwa ajili ya madarasa tunapendekeza maswali haya yajadiliwe: (a) Katika kijiji au mtaa wenu, nani analipa nauli kubwa zaidi kwa kila kilomita, na kwa nini? (b) Ni huduma gani ya usafiri inayopata ruzuku, na fedha hiyo inatoka wapi? (c) Kama mngepewa kuchagua kati ya daraja na reli, mngechagua nini kwanza, na nani angesubiri?

Sisi wenyewe tutayarudisha maswali haya Miteja. Safari hii tutakwenda na hesabu, nasi tutamwomba mzee aanze.