Theluthi ya Democritus

Darasa la saba nilipata sifuri kwa jibu sahihi. Swali: mcheduara na pia vina kitako sawa na kimo sawa, mcheduara ukiingiza lita tatu, pia itaingiza ngapi? Nikaandika: moja. Njia sikuandika, sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni karanga za mama. Tulizifunga kwenye karatasi zilizosokotwa mfano wa pia, na mkono wangu ulishajua kwamba kopo lenye mdomo na kimo kama cha karatasi linajaza karatasi tatu. Mwalimu akachora kosa kubwa jekundu. "Njia iko wapi?"

Basi nilipokuja kusoma habari za Democritus wa Abdera, huko Ugiriki, nikaona huyu ni ndugu yangu kabisa. Karne ya 5 K.K. alisema pia ni theluthi ya mcheduara wake. Uthibitisho hakutoa. Aliyeutoa ni Eudoxus wa Knidos, karne iliyofuata, na Euclid akauweka katika kitabu chake cha 12, mnamo mwaka 300 K.K.

Lakini msidhani Democritus alibahatisha tu. Plutarch ametuhifadhia swali lake moja gumu. Ikate pia kwa kisu, sambamba na kitako. Umepata nyuso mbili, ya kipande cha juu na ya kipande cha chini. Je, ziko sawa? Ukisema haziko sawa, basi ubavu wa pia una ngazi ngazi, si laini. Ukisema ziko sawa, basi pia haipungui popote, na hiyo si pia tena, ni mcheduara! Hebu jibu wewe, msomaji. Mimi nimeshakata karoti mbili na sijatulia.

Archimedes wa Siracusa, yule aliyeuawa na askari wa Kirumi mwaka 212 K.K., alimwandikia Eratosthenes wa Alexandria kwamba sehemu ya sifa, tena si ndogo, apewe Democritus, kwa kuwa ndiye aliyesema kwanza, ingawa bila uthibitisho. Na maneno hayo ya haki nusura yapotee. Nakala yake ilikwanguliwa wino, ngozi ikaandikwa sala juu yake karne ya 13. Heiberg, msomi wa Denmark, aliisoma Constantinople mwaka 1906; kisha ikatoweka tena, hadi ilipouzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2.

Huyo huyo Archimedes alithibitisha na habari ya uso, na hapo theluthi haifanyi kazi. Chukua nusu kipenyo 3, kimo 4. Mshazari wa pia ni 5. Ujazo wa pia ni theluthi ya ule wa mcheduara, sawa, lakini uso wa ubavuni ni 5 kwa 8. Maana yake karanga theluthi moja, karatasi zaidi ya nusu. Nilipomweleza mama alicheka: "Ndiyo maana karatasi zilikuwa haziniishii kwisha!"

Nikamwomba daftari langu la darasa la saba, nitazame lile kosa jekundu. Hakuna. Alishalichana zamani, kurasa zote zikaondoka na karanga.