Soketi katika lugha ya C: Namna ya kufungua, kutunza na kufunga miunganisho ya mtandao

Jioni ya Novemba 2, 1988, programu ndogo ilianza kusambaa katika mtandao wa intaneti nchini Marekani bila idhini ya wenye mitambo. Kabla ya siku ya pili kwisha, maelfu ya tarakilishi za vyuo vikuu na maabara zilikuwa zimelemewa hata zikashindwa kufanya kazi yoyote ya maana.

Mojawapo ya njia ambazo programu hiyo ilitumia kujipenyeza ni kasoro iliyokuwa katika huduma iitwayo fingerd, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Huduma hiyo ilitenga nafasi ya baiti 512 ya kupokelea ujumbe wa mteja, lakini ikausoma ujumbe wenyewe kwa amri ya gets, ambayo haina namna ya kujua nafasi imejaa.

Mvamizi alituma baiti 536. Zile zilizozidi ziliandikwa juu ya sehemu nyingine ya kumbukumbu, na tarakilishi ikaanza kutii maagizo ya mgeni.

Aliyeiunda programu hiyo, Robert Tappan Morris, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alihukumiwa mwaka wa 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya zaidi ya dola 10,000. Amri ya gets nayo iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha ya C mwaka wa 2011.

Kisa hicho kingali funzo kwa kila anayeandika programu ya mtandao kwa C. Lugha hiyo humpa mwandishi uwezo mkubwa, lakini haimkumbushi kuhesabu, wala haimfungii mlango aliousahau wazi.

SOKETI NI NINI?

Soketi ni ncha ya mawasiliano kati ya programu mbili, ziwe katika tarakilishi moja au katika mabara mawili tofauti. Utaratibu wa soketi unaotumika hadi leo ulienea kupitia mfumo endeshi wa 4.2BSD, uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1983. Baadaye uliingizwa katika kanuni za POSIX, na mifumo mingine ikauiga.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, programu inapoomba soketi kwa amri ya socket, hupewa namba ndogo, kwa mfano 3 au 4. Namba hiyo ni ya aina ile ile inayotolewa faili inapofunguliwa. Kwa hivyo, soketi husomwa, huandikwa na hufungwa kama faili.

Aina mbili ndizo maarufu. Ya kwanza, SOCK_STREAM, hutumia itifaki ya TCP, ambayo huhakikisha baiti zinafika kwa mpangilio zilivyotumwa mradi muunganisho u hai. Ya pili, SOCK_DGRAM, hutumia UDP, ambayo hutuma pakiti bila hakikisho kwamba zitafika. Makala haya yanaangazia aina ya kwanza.

HATUA ZA SEVA NA ZA MTEJA

Seva hupitia hatua nne. Kwanza, huomba soketi kwa socket. Pili, huifunga soketi hiyo kwenye anwani na namba ya poti kwa amri ya bind. Tatu, hutangaza kwamba iko tayari kupokea wageni kwa listen. Nne, huwapokea mmoja mmoja kwa accept.

Jambo ambalo huwatatiza wanagenzi ni kwamba accept hutoa soketi mpya kwa kila mteja. Soketi ya kwanza hubaki mlangoni kama bawabu, akingojea wengine, ilhali ile mpya ndiyo inayomhudumia mgeni aliyekwisha kuingia. Anayezichanganya hizo mbili huishia kumfukuza bawabu badala ya kumsindikiza mgeni.

Kwa upande wake, mteja hutafuta anwani ya seva kwa getaddrinfo, akafungua soketi, kisha akaita connect. Hapo itifaki ya TCP hubadilishana pakiti tatu, kama vile mgeni anavyobisha "Hodi!", mwenyeji akaitikia "Karibu!" na mgeni akajibu "Starehe!" kabla ya mazungumzo kuanza.

Amri ya getaddrinfo inaweza kurejesha anwani kadhaa, za IPv6 na za IPv4. Programu yapasa kuzijaribu moja baada ya nyingine, na kila jaribio likishindwa, soketi yake ifungwe kabla ya kufungua nyingine. Mwishowe orodha yenyewe huachiliwa kwa freeaddrinfo.

Namba za poti huanzia 0 hadi 65535. Mpangilio wa baiti zake katika mtandao huweka kubwa mbele, ilhali tarakilishi nyingi za leo huweka ndogo mbele. Ndiyo maana namba hugeuzwa kwa htons. Anayesahau kufanya hivyo ataomba poti 80, na programu itafungua poti 20480 bila kulalamika.

KUSOMA NA KUANDIKA

Kosa lililoenea kuliko yote ni kudhani kwamba ujumbe uliotumwa kwa send moja utapokewa kwa recv moja. TCP ni mkondo, mfano wa maji katika mfereji. Aliyemimina ndoo tatu hawezi kutarajia mwenzake kule chini azikinge zikiwa ndoo tatu zile zile.

Recv ina majibu ya aina tatu. Namba iliyozidi sifuri ni idadi ya baiti zilizopokewa. Sifuri humaanisha kwamba mwenzake amemaliza kutuma. Na -1 ni hitilafu, ambayo sababu yake huwekwa katika errno. Ikiwa sababu ni EINTR, amri ilikatizwa na ishara tu, na yafaa kurudiwa.

Send nayo inaweza kutuma sehemu tu ya kile ilichopewa. Kwa sababu hiyo huwekwa ndani ya kitanzi:

size_t imetumwa = 0;
while (imetumwa < urefu) {
    ssize_t n = send(s, data + imetumwa, urefu - imetumwa, MSG_NOSIGNAL);
    if (n < 0) {
        if (errno == EINTR) continue;
        return -1;
    }
    imetumwa += n;
}

Alama ya MSG_NOSIGNAL ina kazi yake. Bila hiyo, kuandika kwenye muunganisho ambao upande wa pili umekwisha kuufunga huzua ishara ya SIGPIPE, na ishara hiyo huiua programu papo hapo isipokuwa iwe imezuiwa. Mteja mmoja aliyekata mawasiliano ghafla anaweza hivyo kuiangusha seva iliyokuwa ikihudumia mamia.

Ili mpokeaji ajue ujumbe unaishia wapi, njia ya kawaida ni kutanguliza urefu wake. Hata hivyo, urefu huo umetoka kwa mgeni na haufai kuaminiwa kabla ya kupimwa.

Hilo lilidhihirika Aprili 2014, ilipofichuliwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, ambayo pia imeandikwa kwa C. Mteja alitaja urefu mkubwa kuliko ule wa data aliyotuma, na programu ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake yenyewe, zikiwemo siri ambazo hazikumhusu.

KUFUNGA KWA WAKATI WAKE

Kila soketi iliyofunguliwa sharti ifungwe kwa close, hata pale kazi ilipokatizwa na hitilafu. Katika mifumo mingi ya Linux, programu huruhusiwa kwa kawaida kuwa na namba 1024 tu zilizo wazi kwa wakati mmoja. Seva inayosahau kufunga moja kwa kila mteja hufanya kazi vyema asubuhi, lakini wageni wanapoongezeka, accept hurejesha hitilafu ya EMFILE na milango hubaki imefungwa.

Kufunga mara mbili nako kuna hatari. Namba iliyoachiliwa hupewa soketi inayofuata, hivyo close ya pili inaweza kumkatia mawasiliano mteja mwingine asiye na hatia. Wengi hujikinga kwa kuiweka namba hiyo kuwa -1 mara tu baada ya kuifunga.

Iwapo upande mmoja umemaliza kutuma lakini ungali unangoja jibu, huita shutdown kwa SHUT_WR. Hii huziba njia ya kwenda na kuacha ya kurudi ikiwa wazi.

Amri ya ss katika Linux huonyesha hali ya kila muunganisho. Miunganisho mingi ya CLOSE_WAIT ni dalili kwamba wenzake wameaga ila programu yenyewe haijaita close. TIME_WAIT, kinyume chake, ni hali ya kawaida. Upande uliotangulia kufunga hungoja kwa muda, sekunde 60 katika Linux, ili pakiti zilizochelewa zisije zikaingia katika mazungumzo mapya.

Hali hiyo ndiyo huizuia seva iliyozimwa na kuwashwa upya kuipata poti yake. Dawa yake ni kuweka SO_REUSEADDR kabla ya kuita bind.

WAGENI WENGI KWA PAMOJA

Recv ya kawaida husubiri. Seva inayomsubiri mteja mmoja huwasahau wengine wote. Hapo zamani, kila mteja alizaliwa mchakato wake kwa fork, au alitengewa uzi wake.

Mwaka wa 1999, Dan Kegel alieneza swali la namna seva moja inavyoweza kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Amri ya select ilikuwa na kikomo, kwa kawaida namba 1024, nayo poll, ingawa haina kikomo hicho, hulazimika kukagua orodha nzima kila mara. FreeBSD ilijibu kwa kqueue mwaka wa 2000, na Linux ikaingiza epoll mwaka wa 2002. Hizi huijulisha programu kuhusu soketi zilizo tayari pekee.

Kuna pia mgeni anayetoweka bila kuaga. Umeme ukikatika kwake, hakuna pakiti ya kuaga itakayotumwa, na seva inaweza kungoja milele. SO_KEEPALIVE hubisha kuuliza kama mwenzake yu hai, lakini Linux kwa kawaida hungoja saa mbili kabla ya kubisha mara ya kwanza. Kwa huduma nyingi muda huo ni mrefu mno, hivyo yafaa kuweka kikomo cha kusubiri katika programu yenyewe.

Kikomo hicho ni kinga pia dhidi ya hila. Mbinu ya Slowloris, iliyotangazwa mwaka wa 2009, humwezesha mtu mwenye tarakilishi moja kufungua miunganisho mingi na kutuma maombi yasiyokwisha, kidogo kidogo, hadi seva ikose nafasi ya kuwapokea wengine.

Hatimaye, soketi tupu haifichi lolote. Kinachopita ndani yake kinaweza kusomwa au kubadilishwa njiani, na ulinzi wake ni TLS, kupitia maktaba iliyokwisha kukaguliwa na wengi badala ya fumbo la kujitungia.

Soketi iliyotunzwa vyema haimtangazi mwandishi wake. Mteja hubisha, akahudumiwa, akaaga, na namba yake ikarudishwa ghalani ikimngoja mwingine.