Herufi za vibao vya njia: yale ambayo majina ya Mbarara na Nakivale humdai msanifu

Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Wanaoingia humo ni pamoja na wasafiri wa barabara ya Kikagate, mpakani mwa Uganda na Tanzania kwenye mto Kagera, na wakaazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Huko Nakivale Kiswahili husikika kando ya Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhara na Kitigrinya. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Mbarara, kibao kisichosomeka humaanisha kushuka mahali pasipo pake na kulipa nauli ya bodaboda mara mbili.

Sanserifu ni nini?

Ni herufi ambazo ncha za mistari yake hazina vijimkia vya mapambo. Mwaka 1913 Frank Pick, wa reli za chini ya ardhi za London, alimwagiza Edward Johnston, bingwa wa uandishi wa hati, asanifu herufi za namna hiyo. Zilianza kutumika mwaka 1916. Baadaye Jock Kinneir na Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini, walisanifu Transport kwa ajili ya barabara za Uingereza. Naye Adrian Frutiger wa Uswisi alisanifu herufi za uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, karibu na Paris, uliofunguliwa mwaka 1974.

Kuzitofautisha herufi

Hatari kubwa ya sanserifu ni kufanana kwa herufi. Herufi kubwa ya "i" na herufi ndogo ya "l" huweza kuwa vijiti viwili visivyotofautiana. Johnston aliipinda "l" chini, na Transport ikafuata njia hiyo hiyo. Kusini magharibi mwa Uganda jambo hilo si dogo, kwani Isingiro, Ibanda na Ishaka yote huanza na herufi hiyo.

Kinneir na Calvert walianza kila jina kwa herufi kubwa, kisha wakafuatisha herufi ndogo, ili neno lipate umbo lake. Mbarara ina maeneo ya Kakoba, Kakiika na Kamukuzi, na pia Nyamitanga na Nyakayojo. Yakiandikwa yote kwa herufi kubwa, majina hayo huonekana kama matofali ya kimo kimoja. Kwa herufi ndogo, "b" na "k" hupanda juu, "y", "g" na "j" hushuka chini, na jicho hulitambua jina kabla ya kulisoma herufi kwa herufi. Hata hivyo, nukta mbili za "ii" katika Kakiika lazima ziachane vya kutosha.

Usiku taa za gari huzifanya herufi nyeupe zionekane nene kuliko zilivyo, na matundu ya "a" na "e" huzibika. Kwa sababu hiyo Transport ina unene wa aina mbili: mwembamba kwa herufi nyeupe juu ya rangi nzito, na mnene kwa herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi.

Nani apime?

Transport yenyewe ilijaribiwa katika uwanja wa ndege wa Benson. Watu waliketi jukwaani huku gari lililobeba vibao likiwasogelea. Herufi kubwa zenye vijimkia za David Kindersley zilisomeka kutoka mbali kidogo zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na Transport ndiyo iliyochaguliwa. Fonti, basi, haipaswi kuaminiwa kwa sifa yake tu.

Kwa Mbarara na Nakivale, kipimo cha haki ni majina ya huko huko, yakisomwa mchana na usiku na watu wa huko: Mkongomani aliyesoma shule kwa Kifaransa, Msomali ambaye lugha yake huandikwa kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, na Mwethiopia aliyezoea hati nyingine kabisa. Jaribio hilo halihitaji mitambo, ila vibao vichache vya mfano na umbali uliopimwa kwa hatua. Gharama yake ni ndogo kuliko kupaka upya vibao vya jiji zima.