Kuitafuta Kitai Ndani ya Maandishi

Kitai ni njia panda wilayani Mbinga: barabara ya kwenda Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huanzia hapo. Tuseme tumeandika "barabara ya Kitai", tukaiagiza kompyuta itafute "Kitai". Yenyewe haijui mji wala barabara. Inaona baiti zilizofuatana, yaani namba. K kubwa ni 75, k ndogo ni 107.

Njia ya kale ilikuwa kupima kila nafasi: K na b, K na a, K na r, kuendelea hadi Kitai nzima ilingane. Kwa mstari wetu ni mara 17. Mwaka 1969 James H. Morris, akiandika programu ya kuhariri maandishi huko Berkeley, Marekani, alitaka kompyuta isirudi kusoma ilichokwisha kusoma. Alifaulu, ila wenzake hawakuielewa kazi yake, na baada ya miezi michache akakuta marekebisho yao yameiharibu. Wazo lenyewe halikufa: mwaka 1977 alilichapisha pamoja na Donald Knuth na Vaughan Pratt.

Mwaka huohuo Robert Boyer na J Moore walitoa njia ninayoipenda kuliko zote. Wao huanza na herufi ya mwisho. Kitai ina herufi 5, basi tazama ya 5 katika mstari: ni b. Haimo katika Kitai, ruka 5. Ya 10, tukihesabu na nafasi tupu, ni y. Ruka 5 tena. Ya 15 ni t, nayo imo. Sogea 2 ili t zikutane, na herufi zote 5 zinalingana. Mara 8 tu! Na jina likiwa refu, miruko nayo hurefuka.

Kiwango cha lugha ya programu ya C cha mwaka 1989 kiliweka strstr, amri ya kutafuta maandishi ndani ya maandishi. Lakini ukiitumia kutafuta Kitai, itakuletea na kila "Kitaifa". Lazima uipime baiti inayofuata: ikiwa ni herufi, umekosa. Viambishi vyetu navyo huficha shina katikati, kama "soma" ndani ya "wasomaji". Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza mwaka 1985 kutengeneza programu inayochambua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Kijana unayejifunza C, jaribu programu zako kwa maandishi ya Kiswahili kabla hujasema zimekamilika.